Taulo za kike: pakiti ziende shuleni na daftari

Mhariri, swali la wiki hii lilikuwa: "Je, mchango wa mtu mmoja mmoja unabadili jamii, au hiyo ni kazi ya serikali?" Nalijibu kwa taulo za kike mashuleni, kwa sababu huko wachangiaji ni wengi na makosa yao ni yale yale.

Tuanze na hesabu. Taulo hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6, hivyo kwa siku ni kama 4. Hedhi ya siku 5 ni taulo 20, yaani pakiti 2 za vipande 10. Shule yenye wasichana 60 waliovunja ungo inahitaji pakiti 1,200 kwa miezi 10 ya masomo. Pakiti hizo hizo ukizigawa siku moja kwa wasichana 600, picha itapendeza, lakini mwezi unaofuata wote wamerudi kwenye vitambaa. Afadhali shule moja ihudumiwe mwaka mzima.

Pakiti peke yake haitoshi. Taulo haikai bila chupi, na mchangiaji mara nyingi husahau chupi. Choo kisicho na komeo kwa ndani humfanya binti akae na taulo moja kutwa nzima. Pasipo ndoo yenye mfuniko na mahali pa kuchomea, taulo hutupwa chooni. Shimo hujaa mapema, na choo cha kuvuta huziba. Taulo za kufua ni nafuu, ila zinataka maji, sabuni na jua. Binti akiona haya kuzianika hadharani huzificha chini ya godoro, zinabaki na unyevu, na muwasho unaanza. Kabla ya kuzinunua, uliza kamba ya kuanikia itafungwa wapi.

Mkabidhi mzigo mwalimu wa kike ambaye mabinti humwendea bila woga, pamoja na daftari: tarehe, darasa, pakiti ngapi zimetoka, ngapi zimebaki, na siku ambazo binti hakuja shule kwa sababu ya hedhi. Majina hayahitajiki. Wala msiwaite mabinti mstarini mbele ya wavulana, tafadhali sana. Wengine wataacha kuchukua kabisa.

Daftari hilo ndilo silaha ya utetezi, na kilichotokea Tanzania kinaonyesha sababu. Bajeti ya 2018/19 ilisamehe taulo za kike VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18. Mwaka mmoja baadaye msamaha ukaondolewa; Serikali ilieleza kwamba bei madukani haikushuka. Piga hesabu: kwenye pakiti ya shilingi 2,000, VAT ni kama shilingi 305. Kiasi hicho humezwa kirahisi kati ya kiwanda, jumla na rejareja. Tena bidhaa ikisamehewa tu, mwenye kiwanda hawezi kudai VAT aliyolipia malighafi, kwa hiyo anaiingiza kwenye bei. Kiwango cha sifuri, yaani bidhaa kutozwa VAT ya asilimia 0 badala ya kusamehewa, kingemruhusu kuidai. Anayetetea punguzo la kodi lazima ajue tofauti hiyo, na aandike bei za aina ile ile ya taulo, kwenye maduka yale yale, kabla ya Julai 1, mwaka mpya wa bajeti unapoanza, na baada yake. Bila orodha hiyo hana la kumjibu waziri.

Kenya iliondoa VAT kwenye sodo, yaani taulo za kike, mwaka 2004, na mwaka 2017 ikarekebisha Sheria ya Elimu ya Msingi: kila msichana aliyebalehe katika shule ya umma apewe sodo bure, za kutosha na zenye ubora, pamoja na njia salama ya kuzitupa. Ni ushindi mkubwa. Hata hivyo pakiti hutoka kwenye bajeti, na bajeti hupitishwa upya kila mwaka, kwa hiyo watetezi hawana likizo.

Kwa Tanzania, pelekeni jumla za daftari kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kisha kamati ya maendeleo ya kata, ili diwani aingie nazo barazani. Halmashauri huandaa mipango yake miezi mingi kabla ya Julai, hivyo ombi la mwezi Juni limeshachelewa; la Novemba linasomwa. Na liwe ombi linalohesabika: pakiti 1,200, ndoo 4 zenye mifuniko, komeo za milango yote ya vyoo vya wasichana.