Ausbildung ya kutengeneza programu Ujerumani: kabla hujasaini, mjue atakayekufundisha

Mdogo wangu wa Likoni, nimesoma swali lako. Una diploma ya IT, kampuni moja Ujerumani imekupa nafasi ya Ausbildung (mafunzo ya fani ukiwa kazini na shuleni) ya Fachinformatiker, yaani mtaalamu wa kompyuta, upande wa kutengeneza programu, na wazee wanakuambia usubiri digrii kwa sababu huko unakwenda "kusomea ufundi" tu. Njia hiyo nimeipita mwenyewe, na kazi hiyo ndiyo inayonilisha hadi leo. Mimi nasema nenda, ila kwanza umjue mtu atakayekaa na wewe kazini na kukufundisha.

Wazee waelezee hivi. Fani hii iko kwenye sheria za Ujerumani tangu 1997. Ni miaka 3, una mkataba na kampuni, unalipwa kila mwezi, na shule ya ufundi ya serikali haikudai karo. Kwa aliyeanza 2025, kima cha chini kisheria mwaka wa kwanza ni euro 682 kwa mwezi. Mwaka wa pili kinaongezeka asilimia 18 juu ya hicho, na wa tatu asilimia 35. Kampuni za kompyuta mara nyingi hulipa zaidi, na afadhali iwe hivyo, maana kwa 682 huwezi kupanga chumba katika mji kama Munich ukabaki na cha kula. Visa inakuruhusu kibarua cha pembeni hadi saa 20 kwa wiki, lakini usipange maisha yako juu ya kibarua. Jioni utazihitaji.

Utazihitaji kwa ajili ya lugha. Kuna wanaokwenda shule hiyo ya ufundi siku moja au mbili kwa wiki, na wengine husoma wiki kadhaa mfululizo kisha wakarudi kazini. Kampuni inalazimika kukuachilia uende, na mshahara haukatwi. Darasani hakuna huruma ya mgeni. Ukifika na B1 yako, kiwango cha kati cha Kijerumani, utaelewa somo la hifadhidata, kwa sababu jedwali ni jedwali popote duniani. Patakapokubana ni kwenye somo la uchumi na jamii: mikataba, kufukuzwa kazi, bima, haki za baraza la wafanyakazi. Somo hilo lina mtihani wake wa dakika 60 na linabeba asilimia 10 ya alama zako za mwisho. Wenzetu wengi hulidharau wakidhani walikuja kuandika programu tu.

Sasa nikuonyeshe kwa nini nasisitiza habari ya mwalimu wa kazini. Tulipata tiketi, yaani taarifa ya tatizo, kutoka kwa mteja mwenye ghala: wafanyakazi wa zamu ya usiku walikuwa wanalalamika kwamba wamepunjwa saa moja. Zamu inaanza saa nne usiku na kwisha saa kumi na mbili asubuhi, na programu ikahesabu saa 8. Ila ulikuwa usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ambapo Ulaya, ikifika saa tisa usiku, saa hurudishwa ikawa saa nane tena. Watu wale walifanya kazi saa 9. Mimi nimekulia mahali ambapo saa haijawahi kurudishwa nyuma, hivyo jambo lenyewe lilikuwa geni kwangu. Mwalimu wangu hakunipa jibu. Alinichorea mstari wa usiku ule ubaoni, akaniuliza: saa nane na nusu hapa ni ipi, ya kwanza au ya pili? Kisha akaniacha. Kufikia mchana nilikuwa nimeelewa kwamba muda uwekwe kwenye hifadhidata kwa UTC, saa ya kimataifa isiyobadilishwa kwa majira, na saa za mtaani zihesabiwe wakati wa kumwonyesha mtumiaji tu. Alipoipitia kazi yangu mstari kwa mstari, kila mstari ilibidi niutetee kwa Kijerumani.

Kujitetea huko ndiko kunakokungoja mwishoni. Mradi wako wa mwisho unaufanya kazini kwa muda usiozidi saa 80, baada ya chemba ya biashara na viwanda kulikubali pendekezo lako. Unauandikia ripoti, unauwasilisha mbele ya watahini, kisha wanakuhoji. Ripoti, uwasilishaji na mahojiano ni nusu ya alama zote. Aliyezoea kuulizwa "kwa nini umefanya hivi?" kila wiki huingia chumba kile akiwa mtulivu.

Darasani kwetu alikuwapo kijana ambaye kampuni yake ilimweka kupokea simu na kubadilisha wino wa printa mwaka mzima. Sheria inasema mwanafunzi apewe kazi zinazomfundisha fani yake tu, lakini yeye aliogopa kusema kwa sababu ya visa. Kwa hiyo, kabla hujasaini, omba kuzungumza na mwalimu huyo kwa video. Muulize ana wanafunzi wangapi, wa mwisho alifanya mradi gani, na nani hupitia kazi zao. Muulize pia daftari la ripoti za mafunzo hutiwa saini kila baada ya muda gani, kwa maana bila daftari lililotiwa saini huruhusiwi mtihani. Akibabaika kwenye hayo, tafuta kampuni nyingine.

Miezi ya majaribio ni 1 hadi 4, na ndani yake upande wowote unaweza kuvunja mkataba bila kutoa sababu. Ikitokea hivyo pasipo kosa lako, una hadi miezi 6 ya kutafuta nafasi nyingine kabla kibali chako cha kukaa Ujerumani hakijafutwa. Ujue hilo mapema ili mtu asikutishe.

Na kuhusu wakala aliyekuambia ulipe "ada ya mkataba wa serikali mbili": makubaliano ya Kenya na Ujerumani kuhusu uhamiaji na ajira yalitiwa saini Berlin Septemba 2024, na hayana mgawo wa nafasi ambao mtu anaweza kukuuzia. Nafasi umeshapewa na kampuni. Pesa hiyo ipeleke kwenye darasa la Kijerumani, uvuke B1 kabla hujapanda ndege. Ukitumiwa rasimu ya mkataba, ficha majina uiweke hapa, nitaisoma kifungu kwa kifungu.