Wimbi liliingia kwa nyuma, nilikosea wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi kijana wa Kitunda huku Lindi, nina boti ya faiba na mashine ya nguvu farasi 15, navusha watu kwenda mjini. Mwezi wa kwanza jioni nimetoka Kitunda, upepo wa kaskazi unavuma, maji yanapwa, abiria wamejazana nyuma maana mbele wanalowa. Katikati kofia ya mtoto ikapeperuka, mama yake akapiga kelele "simama nahodha!", nikafunga mafuta palepale. Wimbi likaingia kwa nyuma, maji mpaka magotini. Tulikumba maji kwa ndoo tukafika, ila usingizi sina tangu siku hiyo. Mashine nzima, boti haivuji. Nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nashukuru mmefika wote, na nashukuru zaidi umeuliza maana wengi yakiwapata wananyamaza.

Kosa ni pale ulipofunga mafuta ghafla. Boti ikikimbia inaburuta maji nyuma yake, na yale maji yana mwendo uleule wa boti, sasa wewe umesimama yenyewe hayajasimama, yanakufikia na kupanda pale pale penye mashine ambapo ubao wa nyuma umekatwa chini ili mashine ikae. Watu nao wote wako nyuma, tezi, yaani nyuma ya boti, imeshazama nusu. Halafu kaskazi ikikutana na maji yanayopwa kutoka mto Lukuledi wimbi linakuwa fupi na linasimama wima, hupati nafasi ya kulipanda, na ukielekea mjini linakujia kwa nyuma ubavuni. Yote matatu yalikukuta kwa mara moja.

Siku nyingine punguza mafuta polepole huku unageuza omo, yaani mbele ya boti, likabili wimbi, ndio usimame. Kofia iache iende. Akianguka mtu ni habari nyingine: zungusha boti upande ule ule alioangukia ili panga la mashine limwepuke, mtu mmoja amnyooshee kidole asimpoteze machoni, mrudie taratibu na mashine uizime kabla hujamfikia, mrushie kamba.

Sasa abiria. Wapange ukiwa bado ufukweni, sio mkishaondoka, wazito na mizigo katikati na chini, watoto katikati, ukingoni asikae mtu hata awe mvuvi. Waambie hakuna kusimama mpaka boti iguse mchanga. Hili nalisisitiza sana kwa sababu watu wakiona nchi kavu wanainuka wote na kuegemea upande mmoja, na kile kivuko cha Ziwa Victoria, MV Nyerere ile ya tarehe 20 Septemba 2018 ilipinduka ikiwa imeshakaribia kabisa gati la Ukara, imebeba kuliko uwezo wake. Idadi ya abiria unayoruhusiwa ni ile iliyoandikwa kwenye cheti cha ukaguzi cha TASAC, wale wakaguzi wa vyombo vya majini, sio ile inayoenea kwenye mbao za kukalia.

Laifu jaketi mwanangu ziwe mwilini. Nimewahi kupanda boti moja zimefungwa bunda kwa mshipi na kusukumwa chini ya omo, fundo limekaza kwa chumvi, nikajaribu kulifungua kwa kucha nikashindwa, na bahari ilikuwa shwari! Ya mtoto ijaribu hivi, mvalishe, funga mikanda yote, halafu ishike mabegani uinyanyue, ikipita kidevu ni kubwa, atachomoka nayo majini.

Ile kamba ya kuzimia mashine ivae mkononi kila safari. Mafuta theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Asubuhi sikiliza utabiri wa TMA, wale wa hali ya hewa, upepo ukikaza usivushe, hata wakikutukana.

Kabla hujabeba mtu tena, toka na boti tupu asubuhi bahari ikiwa imetulia, kimbia, punguza polepole, geuza omo, simama. Rudia mara kumi, ishirini, mpaka mkono ufanye wenyewe hata mtu akikupigia kelele sikioni.