Re: Nianze na kukodi fremu au kununua mzigo?

Mkuu, umeuliza kama kwa hiyo akiba yako ya kuanzisha duka utangulize kulipa kodi ya fremu, yaani chumba cha biashara, au kununua mzigo wa kuuza. Mimi nasema vyote visubiri kidogo, tafuta wateja kwanza. Chukua mzigo mdogo, uza ukiwa nyumbani au kwa oda, uone nani anarudi kununua tena. Ndugu na marafiki usiwahesabu sana, wengine hununua kwa kukuonea haya.

Halafu piga hesabu hii kabla hujasaini mkataba wowote. Jumlisha gharama zinazokuja kila mwezi hata usipouza kitu: kodi, umeme, mshahara wa msaidizi. Gawanya kwa kile kinachobaki kwenye kila bidhaa baada ya kutoa bei ya kununulia na usafiri. Gharama zikiwa 600 na kila bidhaa inakuachia 3, lazima uuze 200 kwa mwezi ndipo usipate hasara, na hapo wewe mwenyewe bado hujala. Ukiona idadi hiyo haifikiki, fremu haitakuokoa.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kumaliza mtaji wote kwenye rafu, rangi na bango, kisha mzigo wa kwanza ukiisha hana cha kununulia mwingine. Tenga mapema hela ya kuzungushia, pamoja na gharama za miezi mitatu hivi. Leseni na kodi ya serikali ulizia ofisi husika, siyo jirani.

Unataka kuuza nini hasa? Vitu vinavyooza vina hesabu yake.