Kabla ya maonesho, tafuta siku za kukaa peke yako

Mara ya kwanza kupeleka batiki zangu kwenye maonesho Dar es Salaam, nilichora kwa nta na kutia rangi mpaka usiku wa kuamkia safari. Nilitoka Nkuhungu, Dodoma, na vitambaa 12 nimevikunja kwenye begi, viwili vikinuka nta bado. Nilipovitundika, mikunjo ilikuwa imeukata kila mchoro vipande vinne. Mama mmoja akasimama mbele ya kitambaa kikubwa kuliko vyote, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, mbona mibuyu yako yote haina majani?" Nilikosa jibu. Kazi ya mikono yangu mwenyewe, na sikuwa nimewahi kukaa nikaitazama.

Safari iliyofuata nilitoka nyumbani siku nane mapema. Nilipanda treni ya SGR hadi Dar, basi hadi Nyamisati, kisha boti ya kwenda Kilindoni, Mafia. Kutoka hapo nikaenda Utende, nikavushwa kwa mashua hadi kisiwa cha Chole. Nikapanga chumba kwa siku tano.

Nawaambia wenzangu wa batiki: fanyeni hivyo, lakini kwa mpango. Ukifika, nenda kajitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji kwanza. Kwetu mtu kukaa peke yake ni dalili ya shida, na bibi jirani aliniuliza baada tu ya kuitikia shikamoo yangu, "Umegombana na nani, mwanangu?" Nilipomwonesha kitambaa na nta akaelewa, na tangu hapo akawa ananiacha na kazi mchana, jioni ananiletea samaki. Cha kufanyia kazi beba kitambaa kimoja tu, kisichokamilika. Vya maonesho vizungushie kwenye bomba la plastiki, usivikunje tena. Na urudi bara siku mbili kabla ya kutundika, kwa sababu boti hufuata maji na upepo, haziijui ratiba yako.

Siku mbili za mwanzo ni ngumu, sitawaficha. Nilishika simu kila baada ya dakika chache. Siku ya tatu nilikwenda kukaa ufukweni, fundi alipokuwa akipiga kalafati mashua. Alisokota pamba kwa vidole, akailaza kwenye ufa kati ya mbao mbili, akaisukuma ndani kwa patasi butu na nyundo, pigo dogo dogo, mpaka ufa ukajaa. Nimeshika pamba maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri kwamba inaweza kuzuia bahari. Nilikaa pale mpaka jua likazama.

Rangi nayo ilinifundisha. Hizi rangi za maji baridi tunazochanganya na magadi zinahitaji unyevu kwa saa kadhaa ili zishike kwenye uzi. Dodoma, upepo wa Agosti unakausha kitambaa kabla rangi haijaingia, ukisuuza inatoka nyingi na buluu inabaki imepauka. Chole nilitundika kitambaa jioni, asubuhi kilikuwa bado kibichi, na nilipokisuuza kwa maji ya mvua ya kwenye pipa buluu ilibaki nzito kama nilivyoitaka. Tangu nirudi, kila kitambaa nakifunga kwenye nailoni usiku kucha kabla ya kukisuuza, na maji yetu ya kisima yenye chumvi nayaacha kwa kazi nyingine. Wanaofanya kazi hii huku Dodoma, jaribuni hilo hata kama hamsafiri.

Chole kuna mibuyu pia, mikubwa. Siku ya nne nilikaa chini ya mmojawapo, swali la yule mama likarudi, na safari hii hapakuwa na mtu wa kunikatisha. Masika mimi niko shambani Chamwino, napalilia mtama. Nta naishika baada ya mavuno, kiangazi, mibuyu ikiwa mitupu. Miaka yote nimechora nusu ya mwaka wangu. Nililia kidogo, kisha nikamalizia kitambaa.

Januari hii nilibeba jiko la mkaa, nta na kipande cha kitambaa cha marekani mpaka shambani. Nachora saa ya kupumzika, mikono ikiwa na udongo. Mbuyu wa mpakani umejaa majani, na majani yake ni magumu kuchora: kila kikonyo kina vijani vitano mpaka saba, na nta inapoa kabla sijafika cha tatu.