Brashi ya kupakia glezi
Dada wa Wete, umeuliza brashi ya kupakia glezi, ile rangi ya maji inayoyeyuka motoni ikawa ngozi ya kioo, kwenye vyungu na vinyago vyako vya udongo. Chukua pana ya manyoya laini, ya mbuzi ikipatikana. Inabeba majimaji mengi na haiachi michirizi. Ile ngumu ya kupakia mlango iache dukani. Kwenye mikunjo ya kinyago tumia nyembamba, na usijaze: glezi ikirundikana huchuruzika motoni. Kitako kifute kwa sponji yenye maji, la sivyo chungu kitagandana na rafu ya tanuri.

Lakini unachomea wapi? Moto wa wazi wa makumbi na makuti hauiyeyushi glezi sawasawa. Glezi nyingi za udongo mwekundu zinataka nyuzi 1000 hivi na zaidi. Kama huna tanuri, pesa yako iweke, sugua chungu kwa kokoto laini udongo ungali na unyevu kidogo, king'ae bila glezi.