Mzee wa Vitabu Anajibu: Mkopo wa halmashauri na shemeji za jirani

SWALI: Shikamoo Mzee wa Vitabu. Nina duka dogo la vitabu Tandika, huu mwaka wa tatu. Nauza vya shule, riwaya za Kiswahili na mitumba ya Kiingereza. Nahitaji mtaji kama milioni tatu. Watu wa kausha damu, wale wa mikopo ya riba kubwa, wananipigia kila siku, ila nasikia halmashauri inakopesha bila riba, sharti uwe na kikundi. Jirani anasema tuandike majina ya shemeji zake tutimize watu watano. Nifanyeje?
Mama Vitabu, Tandika

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao shemeji waache kwao. Mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi mwaka uliofuata, na vikundi hewa, vya majina ya kuandika tu, vilikuwa sehemu ya malalamiko yaliyofanya isimamishwe. Saini na watu wasiojua hata bei ya daftari, uone siku ya marejesho watakavyokuwa wote harusini.

Mkopo wenyewe ni haki yako. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wewe ni wa Manispaa ya Temeke, lakini anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ndiye atakayekuelekeza usajili wa kikundi. Wenzako wako hapo hapo mtaani: mwenye mashine ya fotokopi, muuza steshenari, fundi wa sare, muuza mabegi. Mahitaji ya shule ni biashara moja, andiko la mradi litasimama.

Wasiwasi wangu ni marejesho. Enzi zangu za kuuza vitabu Posta nilikopa mahali fulani, marejesho kila Ijumaa, nikanunua makatoni manne ya riwaya. Riwaya nzuri kweli kweli. Nilizisoma zote mwenyewe, maana wateja hawakuja na muda nilikuwa nao. Kitabu kinaweza kukaa rafuni miezi minane ndipo kimpate mtu wake. Ijumaa haikai hata siku nane. Awamu mbili za mwisho nililipa kwa kuuza friji ya mke wangu, na kisa hicho nasimuliwa kila Idi.

Kwa hiyo hela ya mkopo inunue vinavyotoka Januari shule zikifunguliwa: vya kiada, kamusi, madaftari. Peleka maombi mapema, kwa sababu fedha ikitoka Machi utakuwa umekopa msimu uliokwisha. Na kabla ya kusaini uliza rejesho la kwanza ni tarehe ngapi. Riwaya chukua mali kauli: nenda kwa mchapishaji na daftari lako la mauzo, mwombe nakala tano tano, ulipe zilizouzwa na kurudisha zilizobaki. Wapo wanaokubali wakiona hesabu zimeandikwa.

Ukiambiwa serikali inadhamini mikopo ya benki, ni kweli, Benki Kuu ina mpango huo tangu 2005. Ila udhamini unailinda benki. Wewe deni linabaki lako, na riba ipo.

Kausha damu wakipiga tena, waambie duka limehamia Kigoma.