Mtoto wa mbwa akiburura miguu, dawa ya minyoo isubiri

Huku Pemba mtoto wa mbwa akianza kuyumba, utasikia mawili: kalishwa sumu, au ana minyoo, mpe dawa. La pili lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana lina hatari.

Upo mnyoo wa panya. Ukishakua huishi kwenye mishipa ya damu ya mapafu ya panya. Viluwiluwi vyake hutoka na kinyesi, huingia kwa konokono na koa, na mbwa huvipata akiwatafuna hao. Vikifika kwa mbwa hupanda hadi kwenye ubongo na uti wa mgongo, na mwili huvimba kwa ndani ukijihami. Wadogo ndio huathirika zaidi. Nani asiyejua mtoto wa mbwa hutafuna kila kitu?

Wangu wa shamba, upande wa Wete, yalimkuta wakati wa masika, konokono wamejaa migombani. Alianza kulegea nyuma, mkia haunyanyuki, ukimgusa kiunoni anapiga ukelele. Kisha mkojo ukawa unamtoka wenyewe. Jirani alishaleta kidonge cha minyoo. Daktari wa mifugo akakizuia: viluwiluwi vikifa kwa pamoja ndani ya uti wa mgongo, uvimbe waweza kuzidi. Akampa kwanza prednisolone ya kutuliza uvimbe, na akasema wazi kuwa anashuku tu. Kupima kinyesi hakusaidii, kwani mnyoo huu hauzai ndani ya mbwa. Hupimwa maji ya uti wa mgongo, na hayo hayachukuliwi chini ya mwembe. Alipona polepole, mkia ukawa wa mwisho.

Ila swali la kwanza la daktari lilikuwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kichaa nacho hupoozesha, kwa hiyo usimtie mkono mdomoni mbwa wa namna hii.

Kwa mtoto wa mbwa asiyeumwa, dawa ya kawaida ya minyoo ianze akiwa na wiki 2, maana minyoo ya tumbo huirithi kwa mama kabla ya kuzaliwa. Vyombo vya mbwa kwetu hulala nje, sababu tunaijua wenyewe. Basi vipindue jioni, konokono wasiingie humo. Wategeni panya. Na mchicha uoshwe vizuri, jani kwa jani, koa wasibaki humo, kwa sababu mnyoo huu huingia hata kwenye ubongo wa binadamu.